Simu ilale sebuleni, mtoto alale chumbani

Wazazi wenzangu wenye watoto wa sekondari, hapa kwetu Makorora Tanga nimejaribu hii kitu wiki ya tatu sasa na imekubali: ikifika saa tatu usiku simu ya kijana inachomekwa chaji sebuleni, chumbani haiingii kabisa. Wangu wa kidato cha pili alikuwa anasinzia kipindi cha kwanza mpaka mwalimu kanipigia, kumbe usiku yuko TikTok hadi saa nane. Umri huo mwili unataka usingizi masaa 8 mpaka 10, akikosa anaamka na hasira na darasani hashiki kitu. Kumwambia tu azime haisaidii, simu ikiwa chini ya mto kila ikitetemeka mkono unaifuata, ikiwa mbali hata hamu inapoa. Atakwambia anaitaka kwa ajili ya alamu, mnunulie saa ndogo ya betri, Ngamiani zipo kibao. Inapofeli ni pale wewe mwenyewe unapanda na yako kitandani, watoto wanaona jamani, yangu nayo inalala palepale sebuleni. Na usimpokonye ghafla yuko katikati ya homuweki ya grupu la darasa, atatafuta simu ya pili ya kuficha.