SOMO: Kuanza kukusanya netsuke, inro na ojime bila kuuziwa plastiki

Wakuu, naandika mara moja ili kuanzia leo niwe natuma kiungo tu. Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya kisanamu cha mzee mwenye ndevu na kuniuliza "hii ni og?" Majibu yako humu. Ukiuliza kabla ya kusoma nitakujibu kwa namba ya hatua, usikasirike.

Kwa wageni wa mambo haya: nguo za Wajapani wa enzi ya Edo (1603 hadi 1868) hazikuwa na mifuko. Mwanamume alining'iniza vitu vyake kwenye mshipi wake, obi, kwa kamba: kifuko cha tumbaku, kibeti, au inro, yaani kijikasha bapa cha vyumba vilivyopandana, cha kubebea dawa. Kamba ilipita nyuma ya mshipi na kutokea juu, na pale juu ilifungwa kigingi kidogo cha kuizuia isiteleze. Kigingi hicho ndicho netsuke. Kati yake na kile kinachoning'inia kuna ushanga wa kubana kamba, ojime. Vitu hivi vilivaliwa, vikasuguana na nguo na viganja miaka na miaka. Nusu ya somo hili ni huo msuguano.

Hatua ya 1. Kabla hujatoa senti, angalia picha nyingi za vitu halisi. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, LACMA ya Los Angeles (huko uko mkusanyo wa netsuke wa Bushell), British Museum na V&A zote zimeweka picha mtandaoni bure.

Hatua ya 2. Chagua njia moja. Mimi nawashauri mwanzie netsuke za mti. Sababu ya kwanza ni sheria (hatua ya 7), ya pili ni kwamba mti ukichakaa huonekana wazi hata kwa macho mapya.

Hatua ya 3. Omba picha: mbele, nyuma, chini, matundu, sahihi, na moja yenye rula. Muuzaji akikataa, ondoka.

Hatua ya 4. Matundu. Hapa ndipo pesa yangu ilipoteketea, kwa hiyo someni taratibu. Netsuke lazima iwe na njia ya kamba. Mara nyingi ni matundu mawili yanayokutana ndani, huitwa himotoshi. Mara nyingine mchongaji ametumia nafasi iliyopo tayari, kama chini ya mkono au kati ya miguu ya mnyama. Kuna ndugu yake netsuke aitwaye okimono, kisanamu cha kuweka kabatini tu, kilichochongwa kwa wingi enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) kwa ajili ya wanunuzi wa nje. Okimono haina matundu. Baadhi ya wajanja huitoboa halafu wanaiuza kama netsuke, na mimi nilimnunulia mmoja wao kwa furaha kabisa, kwa sababu nilitazama sura ya kisanamu na sikukigeuza.

Kwa hiyo kigeuze. Jiulize: nikipitisha kamba hapa, kitaning'inia kikitazama wapi? Kama mzee atakaa kichwa chini au uso utalalia tumbo la mvaaji, matundu hayo yamekuja baadaye. Tazama ukubwa: mara nyingi tundu moja ni pana kuliko lenzake, kwa kuwa ndilo linaloficha fundo. Mawili yenye kipenyo kilekile na kingo kali ni ya keekee ya umeme mpaka ithibitike vinginevyo. Kwenye netsuke iliyovaliwa kweli, ukingo wa tundu umelainika upande ule kamba ilikovutia, wala si mzunguko wote. Mwisho, tazama umbo zima. Netsuke ni kitu cha kushikwa: kimejikunja, hakina kidole kilichochomoza wala mkia mwembamba wa kunasa mkono wa kimono. Kisanamu chenye upanga ulionyooshwa hewani hakikuwahi kukaa kiunoni mwa mtu.

ONYO: kuna netsuke za kweli ambazo hazikuvaliwa, hasa za mwisho wa Edo na za Meiji, na hizo matundu yake ni makali. Kwa hiyo ukali peke yake haumtii mtu hatiani. Ukali ukiambatana na "uzee" wa rangi ya chai iliyopakwa mwili mzima, hapo kimbia. Uzee wa kweli huondoa rangi kwenye sehemu zilizoinuka na kuiacha kwenye mikunjo. Uzee wa kiwandani huenea kote.

Hatua ya 5. Nyenzo. Lenzi ya sonara na tochi vinatosha. Rezini, yaani plastiki ya kumimina kwenye kalibu, ina vipovu, ina mstari wa kalibu ubavuni, na utamkuta mzee yuleyule, na ufa uleule, kwa wauzaji wanne tofauti. Mfupa una vidoa na vistari vyeusi, ndiko mishipa ya damu ilikopita. Pembe ya ndovu ikikatwa mlalo huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Tochi ya kukagulia noti bandia husaidia pia: mfupa na pembe hung'aa weupe wa kibuluu, rezini nyingi hufifia. Jaribio la sindano ya moto ACHENI. Linatoboa kitu halali na halikuambii umri wake. Mti uliotumika zaidi ni tsuge, mgumu, wa manjano, unaopokea nakshi ndogo sana. Fundi Sukenaga wa Hida alipendelea mti wa ichii na aliacha alama za kisu zionekane. Wapo waliochonga pembe za kulungu, na Kokusai wa Asakusa ndiye mfalme wao kwa maoni yangu. Huko Iwami, Tomiharu alichonga meno ya nguruwe mwitu.

Hatua ya 6. Sahihi. Isome mwisho. Netsuke nyingi nzuri hazina sahihi, na mbaya nyingi zina sahihi nzuri.

Hatua ya 7. Sheria. Pembe ya ndovu: usinunue. Umri wake haukusaidii. Uingereza ilipitisha Sheria ya Pembe mwaka 2018, ikaanza kazi Juni 2022, na inazuia biashara hata ya vitu vya kale isipokuwa kwa misamaha michache. Kwetu ni kali zaidi: Tanzania kuna sheria ya wanyamapori ya 2009, Kenya ya 2013, na kukutwa na nyara bila kibali ni kesi. Jino la kiboko nalo limo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Hatua ya 8. Kutunza. Usipake mafuta. Usioshe. Inro usiiweke juani, na usivute vyumba vyake kwa nguvu. Legeza ojime kwanza, kisha fungua kwa mikono miwili.

MASWALI

Kijana_wa_Tabata: Mkuu hii yangu inaweza kufika bei gani? Nimeikuta kwenye begi la babu.

Mleta mada: Picha moja tena ina ukungu. Hatua ya 3.

Kijana_wa_Tabata: Sina rula.

Mleta mada: Weka sarafu.

Mzee_wa_Mnada: Naona unawatisha watu bure. Mimi ninayo ng'ombe aliyelala, imeandikwa Tomotada, na muuzaji kanipa cheti. Utasema nayo ni feki?

Mleta mada: Sijasema ni feki, sijaiona. Nilichosema ni kwamba sahihi isomwe mwisho. Tomotada wa Kyoto alisifika kwa ng'ombe tangu karne ya 18, na kitabu kilichochapwa Osaka mwaka 1781, kilichotaja wachongaji zaidi ya 50, tayari kilionya kwamba kazi zake zinaigwa. Yaani feki za Tomotada zina umri wa miaka mia mbili na zaidi. Nyingine ni nzuri mno na zina haki ya kupendwa zenyewe. Cheti kimetolewa na nani?

Mzee_wa_Mnada: Na muuzaji mwenyewe.

Mleta mada: Haya.

Mzee_wa_Mnada: Haya maana yake nini? Kwani wewe ni nani?

Mleta mada: Ni mtu aliyenunua okimono iliyotobolewa, nimeandika hapo juu. Weka picha za matundu tuzungumze. Nikikosea nitakuomba radhi hapahapa.

Dada_Mwanaisha: Shikamoo. Mimi niko London, nimeona panya wa pembe kwenye mnada, wanasema ni wa kabla ya 1918 kwa hiyo ni halali. Desemba narudi Dar, si naweza kumbeba mkobani?

Mleta mada: Marahaba dada. HAPANA. Mwaka 1918 unaingia kwenye msamaha wa vitu vyenye thamani kubwa ya kisanaa, na huo unahitaji cheti cha serikali. Maneno ya dalali hayatoshi. Na hata ukikipata, ni ruhusa ya kuuziana huko. Hakivuki mpaka kwa niaba yako, wala afisa wa uwanja wa ndege hatajali panya ni mzuri kiasi gani. Kama ni panya unampenda, tafuta wa mti. Wapo wengi, kwa sababu panya ni mmoja wa wanyama kumi na wawili wa kalenda yao, na waliozaliwa mwaka wake walipenda kumvaa.

Fundi_Mwenge: Kaka somo zuri. Mimi nachonga mpingo. Nimevutiwa na hayo matundu. Mchongaji alikuwa anatoboa kwanza au anachonga kwanza? Maana ukitoboa mwishoni unaweza kupasua kazi yote.

Mleta mada: Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kutoboa kulikuja kwa wakati wake, na mafundi walitofautiana, ila kuamua ni wapi kulikuja mwanzo kabisa. Fundi anawaza uzito: kitu kining'inie vipi, mgongo ulalie mshipi, uso utazame nje. Ndiyo maana kwenye kazi nzuri matundu yanaonekana kama yalizaliwa pale. Mbwa aliyejikunja, kamba inapita chini ya mguu uliokunjwa. Kwenye za zamani zaidi, za karne ya 18, matundu huwa makubwa makubwa. Halafu upande wa chini ambao haukuonekana nao umechongwa: nyayo, mikunjo ya nguo, hadi kucha. Toyomasa wa Tanba, ukiipindua kazi yake ya mti, huko chini utakuta uhai uleule ulio usoni. Wewe kama mchongaji utaona haraka kuliko sisi wanunuzi. Ukiona kazi ambayo mbele imekamilika na chini ni tambarare, umeshajua.

Fundi_Mwenge: Nimekuelewa. Ni kama huku kwetu, mti mweupe unapakwa kiwi ya viatu unauzwa mpingo. Mgeni anatazama rangi, sisi tunabeba mkononi kusikia uzito.

Mleta mada: Kaka umemaliza hatua ya 5 yote.

Bin_Seif_Muscat: Salaam aleikum. Huku kiyoyozi hakizimwi miezi minane. Nina inro moja, naona kama inapauka. Nifanye nini?

Mleta mada: Waaleikum salaam sheikh. Kupauka mara nyingi ni jua au taa kali, itoe kwenye mwanga kwanza. Kisha ukavu: ndani ya inro kuna ubao mwembamba, ukikauka unajikunja na laki (ule utomvu mgumu wa kung'aa uliopakwa juu yake) inapasuka. Iweke kwenye kisanduku cha mti kinachofunga vizuri, ndani ya droo, mbali na mdomo wa kiyoyozi. Wajapani wenyewe hutumia visanduku vya mti mwepesi wa kiri. Nunua kipima unyevu kidogo, lenga asilimia 50 hadi 55. Ukiona laki imebanduka USIIGUSE kwa gundi yoyote, mpelekee mtu wa kukarabati laki.

Mpwani_Halisi: Sisi Mombasa shida yetu ni kinyume, ukungu mweupe unaota kwenye kamba. Mimi natia vifuko vya silika vile vya kwenye maboksi ya viatu, lakini navitoa kipimo kikishuka chini ya 50. Kamba iliyoota nilibadilisha kwa hariri mpya, ile ya zamani nimeitunza kwenye bahasha.

Mleta mada: Umefanya vyema kuitunza. Wengi huitupa.

Kijana_wa_Tabata: Wakuu mtu mwenye hela ndogo aanze na nini?

Mleta mada: Swali zuri hili. Ojime. Bei yake huwa chini, na za metali ni kazi ya ustadi mkubwa: mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani, na mafundi waliokuwa wakipamba panga wakahamishia mikono yao kwenye vitu vidogo. Kigezo kimoja: kamba hupita mara mbili ndani ya ojime, hivyo tundu lake ni pana. Ushanga wenye tundu la uzi mwembamba ulitoka kwenye mkufu.

Fundi_Mwenge: Samahani narudi. Ule mng'ao wa tsuge waliupataje bila msasa wa dukani?

Mleta mada: Walitumia tokusa, mmea wa sehemu za majimaji wenye shina la kukwaruza, wakamalizia na majani makavu ya mti wa muku. Yana vinyweleo vigumu vya kulainisha bila kuacha mikwaruzo.

Fundi_Mwenge: Babu yangu alisugua vinyago kwa majani ya mti wa msasa, yanakwaruza hivyohivyo. Yapo nyuma ya nyumba. Jumamosi nitajaribu kwenye mpingo, jani bichi upande mmoja na kavu upande mwingine, nilete picha.

Mleta mada: Lete. Na weka rula.