Kichupa cha hewa ukaa hakijazwi maji ya bomba

Kila nikiitwa kuangalia tangi la samaki waliokufa hapa Dodoma, swali langu la kwanza ni lile lile: kwenye kichupa cha rangi mlitia maji gani? Jibu nalijua kabla halijatoka mdomoni. Maji ya bomba, au maji ya tangi lenyewe. Samaki wanaelea matumbo juu, na kichupa, kile kinachoonyesha kwa rangi kama hewa ukaa majini inatosha, kimebandikwa palepale kwenye kioo, kijani safi kabisa, yaani eti mambo ni sawa.

Ninyi wenye matangi ya mimea mnajua hewa ukaa (CO2), gesi tunayoilisha mimea kutoka mtungini, inafanya kazi gani na mtungi unafungwaje, sirudii huko. Leo nasema na hicho kijani.

Dawa iliyomo kwenye kichupa haipimi hewa ukaa. Inapima pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ya maji yaliyomo ndani ya kichupa, basi. Inageuka kijani pH ikishuka karibu 6.6. Sasa pH hiyo inamaanisha hewa ukaa kiasi gani? Inategemea kaboneti iliyomo kwenye maji hayo, ile inayoandikwa KH kwenye vipimo vya dukani. Maji ya KH 4 yakifika pH 6.6, yana miligramu 30 hivi za hewa ukaa kwa lita. Hapo ndipo tunapopataka, na ndipo pa kuishia. Maji ya KH 12 yakifika pH 6.6 hiyo hiyo, yana miligramu 90. Kijani ni kile kile, hewa ukaa ni mara tatu.

Na maji yetu mnayajua. Fungua birika la chai uone ule ukoko mweupe chini. Ukoko huo ni kaboneti. Mtu anayetia maji ya namna hiyo kwenye kichupa anaona bluu, anasema gesi haitoshi, anafungua vali. Bado bluu, anafungua tena. Siku kinapogeuka kijani anapiga picha, na asubuhi ananipigia simu.

Baadhi ya vichupa huja na karatasi inayoelekeza kutia maji ya tangi. Itupe. Kichupa kimeundwa kibakize nafasi ya hewa kati ya maji ya ndani na maji ya tangi, ili gesi peke yake ivuke. Ukitia maji ya tangi humo, umeivuruga kazi yote ya nafasi hiyo.

Kinachotakiwa ndani ni maji ya KH 4 kamili, na unaweza kuyatengeneza mwenyewe. Pima gramu 1.2 za sodiamu baikaboneti, ile soda safi ya kuokea, uyeyushe kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Hayo yana KH 40, bado hayafai. Chota mililita 100 tu za hayo, ongeza mililita 900 za maji yaliyokenekwa. Sasa una KH 4. Tunapita njia hiyo ndefu kwa sababu gramu 0.12 hazipimiki kwa mizani ya nyumbani. Hata hizo 1.2 zinataka mizani ndogo kama ya sonara. Ya jikoni inaruka gramu nzima nzima. Na tafadhali, kijiko si mizani! Nimechoka kusikia "nusu kijiko hivi". Beking pauda haifai, ina vitu vingine ndani. Magadi ya kulainishia maharage ndiyo kabisa usiyaguse.

Maji yaliyokenekwa yanapatikana kwa wauza betri za magari, ila duka hilo hilo huuza na asidi ya betri. Soma chupa, kisha uulize tena. Maji ya kunywa ya chupa hayafai, yana madini. Ukimaliza kuchanganya, hakikisha kwa kipimo cha matone cha KH: kwa vipimo vingi, mililita 5 hutumia tone 1 kwa kila KH 1. Tumia mililita 10. Rangi ibadilike kwenye tone la 8. Ikibadilika kwenye la 10, mwaga uanze upya.

Jaza kichupa nusu, tia matone 3 ya dawa, kiweke mbali na mahali gesi inapoingilia.

Jambo la pili ni saa ya kusoma. Rangi huchelewa kama saa 2 nyuma ya maji. Tuseme taa yako inawaka saa 10 jioni hadi saa 4 usiku. Gesi ifunguke saa 8 mchana, usome rangi saa 12 jioni, gesi ifungwe saa 3 usiku, saa 1 kabla ya taa kuzimwa. Anayesoma saa 9 alasiri na kuongeza gesi papo hapo anafukuza kivuli. Tangi la lita 100 lianze na kiputo 1 kila sekunde 2, likae siku 3 kabla ya kugusa vali. Usiku mimea yenyewe inatoa hewa ukaa, kwa hiyo gesi ya usiku haina faida hata kidogo. Weka vali ya umeme na taima. Umeme ukikatika, nayo inajifunga.

Kumbukeni pia tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji ya huku hushika oksijeni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, na hewa ukaa ikizidi, damu ya samaki inashindwa kubeba hata hiyo oksijeni iliyopo.

Ukiwakuta wanahema juu ya maji: funga gesi, washa pampu ya hewa, badilisha theluthi ya maji. Usisubiri kichupa kibadilike rangi, kitachelewa.

Mambo yakienda sawa utaona viputo vidogo kwenye majani jioni, na samaki wanakula kama kawaida.

Maji ya kichupa yabadilishwe kila baada ya wiki 3 au 4. Na kama leo kichupa chako kina maji ya bomba, funga mtungi kwanza, ndipo uende dukani.