Kuvika mawe ya asili jiko la kuni la matofali

Jiko la kuni lililojengwa uani kwa matofali ya kuchoma, hata likiwa limechakaa na kujaa masizi, halina haja ya kubomolewa iwapo kuta zake bado zimesimama wima na hazitikisiki zinaposukumwa. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya mwamba wa granaiti, kwa hiyo mawe ya kulivika hayatafutwi mbali, nami nayapendelea kuliko vigae kwa kuwa hayapauki juani wala hayadai rangi.

Anza na uzito. Granaiti yenye unene wa sentimita 3 hufikia takriban kilo 80 kwa kila mita ya mraba, na mzigo huo haufai kuning'inia ukutani peke yake. Chimba mtaro mwembamba mguuni mwa jiko na umwage zege, ili mstari wa kwanza wa mawe uketi juu yake.

Usafi ndio unaoamua uimara wa kazi yote. Saruji haishiki juu ya masizi wala mafuta, hivyo sugua matofali kwa brashi ya waya, kwangua viungo vilivyolegea, osha, kisha gongelea wavu wa waya kwa misumari ya zege na upige lipu nyembamba yenye mikwaruzo. Fundi anayeruka hatua hii kwa madai kwamba mawe yatafunika uchafu anamwachia mwenye nyumba ukuta utakaobanduka.

Lipu ikishakaza, ilowanishe na upange mawe kutoka chini kwenda juu, kwa mchanganyiko wa saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1 na mchanga ndoo 6, ukiyaweka makubwa kwenye pembe na kutumia pimamaji kila mstari.

Mahali panapolambwa na moto pasiwekwe mawe kabisa: granaiti hupasuka ikipata moto wa moja kwa moja, na mawe ya mtoni yaliyonyonya maji yanaweza kurusha vipande na kumjeruhi mpishi. Humo yabaki matofali, na nyufa zizibwe kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto kuliko saruji.

Jua la kiangazi hukausha saruji upesi mno, kwa hiyo funika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa na umwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Baada ya hapo liache jiko likauke, kisha washa moto mdogo wa vijiti kwa siku kadhaa, ukiuongeza kidogo kidogo, kabla ya kuteleka masufuria makubwa.