Jinsi ya Kuchagua Klabu ya Karate, Judo au Ndondi Nairobi, na Kuanza Bila Kuumia

Faida za karate, judo, taekwondo au ndondi hazimfikii mtu aliyeacha wiki ya tatu. Pumzi ndefu, usingizi mzito, mwili mwepesi, utulivu unaposukumwa steji ya matatu: yote haya huja kwa kurudia mambo yale yale mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi. Kwa hiyo kabla hujauliza mtindo upi ni mkali zaidi, uliza ni klabu gani utaweza kudumu ndani yake. Anayedumu ni yule aliyefundishwa kuanguka kabla ya kuangushwa, akapewa mwenza anayejua kupunguza nguvu, na akaitwa kwa jina lake kufikia kipindi cha pili. Ukarimu wa klabu ni sehemu ya ufundi wake, na unaweza kuupima kwa macho yako mwenyewe siku moja tu.

Linganisha nauli kwanza

Kipindi cha jioni kikiisha saa mbili usiku na una matatu mbili hadi nyumbani, utaanza kukosa siku za mvua, kisha siku za foleni, kisha utaacha kabisa. Anayefanya kazi mjini na kuishi Rongai hatadumu katika klabu ya Kasarani hata iwe nzuri namna gani. Tafuta kilicho njiani kati ya kazi na nyumbani, na usidharau kumbi za jamii. Eastlands ina mizizi mirefu ya ndondi: Kaloleni, Muthurwa, Pumwani. Nchi iliyomtoa Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki kule Seoul mwaka 1988, haina uhaba wa watu wanaojua ngumi, na huenda kocha anayekufaa yumo katika ukumbi usio na bango wala ukurasa mtandaoni.

Mtindo una maana pia, hasa kwa mwili ulio nao sasa. Judo, aliyoianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, na jujitsu ya Kibrazili ni michezo ya kushikana. Hakuna ngumi za kichwani, lakini vidole, mabega na magoti hufanya kazi kubwa. Taekwondo hudai nyonga na nyama za paja zilizonyooka. Karate hukupa msingi wa kusimama, kupiga na kujizuia, huku kiasi cha kugusana kikitofautiana sana kati ya shule na shule. Ndondi hujenga pumzi na miguu haraka, nawe unaweza kufanya mazoezi yake miaka mingi bila kupigana na mtu yeyote. Waulize mapema kama wanakubali hilo. Mwenye goti bovu au aliyewahi kuzirai kwa kugongwa kichwa amwone daktari kwanza, halafu amweleze mwalimu kabla ya kuvua viatu.

Keti ukitazame kipindi kizima

Klabu inayokataza mtu kutazama imeshakujibu. Fika dakika kumi mapema, uketi pembeni, na usiondoke kabla ya watu kukunja bendeji.

Mtazame aliye mgeni kuliko wote. Nani anamsalimia? Anawekwa na nani? Klabu nzuri humpa mwanafunzi wa zamani mwenye utulivu, asiye mgeni mwenzake, kwa sababu wageni wawili hawajui kupunguza nguvu na ndio wanaoumizana. Tazama pia mwenye mkanda wa juu au bondia mzoefu akipambana na mtu mdogo wake. Akimpiga kwa nguvu zake zote huku mwalimu anatazama bila kusema neno, nawe utapigwa vivyo hivyo.

Kwenye judo na jujitsu, angalia kinachotokea mtu anapogonga kuashiria kwamba amekubali kushindwa. Mshiko unatakiwa kuachiwa papo hapo. Ukiona mtu anavuta nusu sekunde zaidi ili kuonyesha ubabe, toka.

Kisha chunguza sakafu. Omba kuingia bila viatu, piga goti taratibu kwenye mati, ulemee. Goti likihisi saruji, hapo pasifundishwe kuangushana. Mati za kurushana kwa judo huwa na unene wa takriban sentimita 4 na hazisinyai. Tazama maungio: pengo la upana wa kidole kati ya mati na mati ndilo linalovunja vidole vya miguu. Zulia lililotandikwa juu ya saruji huchubua ngozi na kushika jasho. Kwa ndondi sakafu ngumu inavumilika wakati wa kupiga gunia, lakini si wakati wa kuspari, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, maana anayeanguka hapo huangukia kisogo.

Mwisho wa kipindi, msogelee mwalimu. "Mwalimu, mgeni huanza kuspari lini?" Jibu zuri lina masharti: baada ya miezi miwili hivi, mwanzoni ngumi za mwilini pekee, au mkono mmoja tu, na lazima kinga ya meno. Jibu la "leo leo, ndiyo utajua kama unaweza" litoshe kukuondoa. Uliza nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza na sanduku la dawa liko wapi, kisha uombe kuliona. Uliza usajili pia: Sheria ya Michezo ya 2013 inataka klabu za michezo zisajiliwe na Msajili wa Michezo. Cheti hakifanyi mwalimu kuwa mwema, ila kinaonyesha kuna watu wanaowajibika.

Kuhusu pesa, ulizia gharama ya mwaka mzima. Ada ya mwezi zidisha mara kumi na mbili, kisha ongeza usajili, sare, mitihani ya mikanda, bima na safari za mashindano. Klabu nyingine zina ada ndogo ya mwezi lakini mtihani wa mkanda kila baada ya miezi michache, na hapo ndipo fedha huishia. Lipa mwezi kwa mwezi na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Anayekuahidi mkanda mweusi kufikia tarehe fulani anauza kitambaa.

Siku ya kwanza

Kula chakula chepesi saa mbili au tatu kabla ya kipindi kuanza. Kata kucha za mikono na miguu, vua pete, hereni na saa. Beba taulo, maji lita moja, na champali za kuvaa hadi ukingoni mwa mati. Anayekwenda msalani pekupeku kisha akarudi kwenye mati analeta uchafu utakaogusa nyuso za watu. Usinunue sare wala glavu bado. Tisheti isiyo na mifuko na suruali ya mazoezi zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Ukiamua kubaki, glavu za aunsi 12 au 14 zinafaa gunia, na watu wazima wengi huspari na za aunsi 16.

Bendeji za mikono nunua zako mwenyewe, za mita 4.5 kwa mtu mzima. Tanua vidole. Ingiza kitanzi kwenye dole gumba, pitisha bendeji nyuma ya mkono, zungusha kifundo mara tatu, panda uzungushe fundo za vidole mara tatu, pita kati ya vidole kimoja kimoja ukirudi kwenye kifundo kila mara, funga dole gumba, maliza kwenye kifundo. Kunja ngumi: ibane kidogo. Vidole vikifa ganzi au kuwa vyeupe, umekaza kupita kiasi; fungua uanze upya. Ikiteleza kwenye fundo za vidole, uliifunga mkono ukiwa umekunjwa. Unapopiga gunia, tua na fundo mbili za kwanza, kifundo kikiwa kimenyooka sawasawa na mkono hadi kwenye kiwiko. Kifundo kilichopinda ni sababu ya kawaida ya maumivu ya wageni wa ndondi, na hutokana na kupiga kwa nguvu kabla ya kujua kupiga kwa usahihi. Wiki nne za kwanza piga nusu ya nguvu zako.

Kuanguka

Hili ndilo somo la kusisitizwa kuliko mengine yote, kwa sababu linakufaa hata ukiteleza kwenye ngazi za jengo Julai wakati wa manyunyu. Klabu ya kushikana isiyoanza nalo ikimbie.

Chuchumaa, mikono imepishana kifuani. Vuta kidevu hadi kifuani, macho yatazame fundo la mkanda wako. Kalia karibu kabisa na visigino, pinda mgongo, jiviringishe nyuma. Mgongo wa juu unapogusa mati, piga mati kwa mikono yote miwili pamoja, viganja chini, mikono ikiwa imejitenga na mwili kwa nyuzi 30 hadi 45, na utoe pumzi kwa sauti. Kisogo hakigusi mati hata kidogo.

Makosa ni yale yale kila mahali. Wa kwanza hutanguliza kiganja nyuma ili kujizuia, na uzito wote hupanda kupitia kifundo hadi kwenye mtulinga. Ndivyo mifupa hiyo inavyovunjika. Wa pili hutazama dari, shingo ikalegea, kichwa kikapiga. Wa tatu hutupa mikono juu sawa na mabega, na bega linachukua kishindo. Wa nne hubana pumzi, akabaki kifua kimekaza. Fanya mara kumi kwenda nyuma, kumi upande wa kulia na kumi wa kushoto, kila kipindi, mwezi mzima. Kutoka kuchuchumaa nenda magotini, kisha kusimama, na mwisho ndipo mwenza akushike na kukuangusha. Anayekurusha anabaki ameshika mkono wa nguo yako na kuuvuta juu kidogo unapotua. Asipofanya hivyo, mwambie. Ni wajibu wake.

Pamoja na kuanguka, jifunze kugonga. Gonga mwili wa mwenzako mara mbili au zaidi, wazi na kwa nguvu. Mikono yote ikiwa imebanwa, piga mguu chini au sema kwa sauti. Gonga pale unapoona njia ya kutoka imefungwa, usisubiri maumivu. Mishiko inayosokota kisigino huharibu kano za goti kabla hujahisi chochote, na wageni hawapaswi kufanyiwa.

Wiki kumi na mbili za mwanzo

Mwezi wa kwanza hudhuria siku mbili kwa wiki, na siku moja au mbili za kupumzika katikati. Ongeza ya tatu mwezi wa pili, misuli ikiacha kuuma zaidi ya siku mbili. Wanaoanza kwa siku tano huishia na maumivu ya mifupa ya mguu wa chini au bega, kisha husema mchezo ni mbaya. Aliyehamia karibuni kutoka Mombasa ajipe wiki mbili tatu za polepole: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kukosa pumzi hakumaanishi uvivu.

Sare ifue siku ile ile, kwa maji baridi, uianike. Masika, Machi hadi Mei, sare nzito ya judo inaweza kuchukua siku mbili kukauka, kwa hiyo mwenye uwezo awe na mbili. Usitie Jik; hudhoofisha pamba, na kola huchanika mtu akiivuta. Oga mara ufikapo nyumbani. Duara jekundu linalowasha huenda likawa choa: usiingie kwenye mati, mwone mfamasia, na endelea kupaka dawa kwa muda wote ulioelekezwa hata alama ikishapotea. Klabu nzuri hukushukuru kwa kusema.

Kugongwa kichwa ni jambo jingine kabisa. Kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuona mawili, kusahau kilichotokea, kuduwaa: moja tu kati ya hayo linamaliza mazoezi ya siku hiyo, hata mhusika aseme yuko sawa. Akitapika, akizirai, maumivu ya kichwa yakizidi, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali mara moja, na asiende peke yake kwa boda. Haspari tena mpaka dalili ziishe na daktari amruhusu. Helmeti hupunguza michubuko. Haizuii ubongo kutikisika.

Watoto na wanawake

Mzazi aweze kuketi na kutazama wakati wowote, bila kuomba ruhusa. Mwalimu hapaswi kubaki na mtoto peke yake chumbani, wala kumwandikia ujumbe wa faragha. Mawasiliano yapitie kwa mzazi. Adhabu ya viboko haina nafasi. Jambo likikutia shaka kuhusu mtoto, piga 116, bila malipo.

Mwanamke aulize wangapi wengine wanahudhuria, kisha awaendee na kuzungumza nao pembeni, mwalimu akiwa hayupo. Pawe na mahali pa kubadilishia nguo panapofungwa kwa ndani. Mwalimu aombe kabla ya kugusa ili kusahihisha mkao, na mwanafunzi aweze kukataa mwenza bila kuulizwa sababu. Anayevaa hijabu atumie ya michezo, inayobana, isiyo na pini hata moja.

Ukiona si mahali pako

Jipe wiki sita, isipokuwa pale usalama unapohusika. Hapo ondoka siku hiyo hiyo. Kwa heri ya kawaida, mweleze mwalimu ana kwa ana au kwa ujumbe mfupi, lipa unachodaiwa, na chukua vyeti vyako vya mikanda vilivyotiwa sahihi na tarehe. Klabu mpya ikikuomba uvae mkanda mweupe kwa muda, kubali: kila shule ina mpangilio wake wa mbinu, na mwalimu anahitaji vipindi kadhaa kuona unachojua kabla ya kukupangia mwenza.