Somo: Kupanga ratiba ya vifaa vya NB-IoT ili betri idumu

Kinachomaliza betri ya mita inayotuma data kwa NB-IoT (mtandao wa simu kwa vifaa vinavyotuma data kidogo) mara nyingi si kutuma, ni kubaki hewani baada ya kutuma. Chukua moduli (kipande cha mawasiliano ndani ya kifaa) inayokula µA 5 ikiwa imelala: siku nzima ni mAh 0.12. Ikibaki imeunganishwa sekunde 20 kwa mA 50, imekula mAh 0.28, zaidi ya usingizi wa siku mbili.

Hatua ya 1: Kusanya. Vipimo sita vya kila saa viende kwa ujumbe mmoja kila baada ya saa 6. Dharura, kama bomba kuvuja, isisubiri.

Hatua ya 2: Omba usingizi mzito (PSM), yaani moduli izime redio bila kufuta usajili wake mtandaoni. Ipe amri hii:

AT+CPSMS=1,,,"01000001","00000101"

Namba ya kwanza ni muda wa kujiripoti kwa mtandao. Biti tatu za mwanzo (010) ni kizio cha saa 10, zilizobaki ni 1, yaani saa 10. Lazima uzidi muda kati ya ujumbe na ujumbe (hapa saa 6), la sivyo kifaa kitaamka bure kuripoti tu. Ya pili ni muda wa kupatikana kabla ya kulala: sekunde 2 mara 5, yaani 10. Kisha andika AT+CEREG=4 na AT+CEREG? uone ulichopewa. Usiruke hapa, maana mtandao unaweza kukupangia muda mwingine au kukunyima kabisa.

Hatua ya 3: Washa RAI (alama ya kuuambia mtandao kuwa umemaliza) kwenye ujumbe wa mwisho, mtandao ukuachie mapema. Kama unasubiri jibu la seva, chagua ile ya "jibu moja linakuja".

Hatua ya 4: Tawanya. Vifaa vyote vikiamka saa 6 kamili usiku vitagombania nafasi za kuomba kuunganishwa zisizozidi 48 kwa mkupuo, na kila mgongano ni kuomba upya. Gawa IMEI (namba ya utambulisho ya kifaa) kwa 3600. Salio ndilo sekunde za kuchelewa.

MASWALI

– Mkuu, naweza kutuma amri kifaa kikiwa kimelala?
Hapana. Seva iweke amri kwenye foleni, iitume kifaa kikishatuma tu, ndani ya zile sekunde 10. Ukiihitaji mapema zaidi, tumia eDRX, yaani kusikiliza mtandao kwa vipindi: kifaa husikiliza kila baada ya sekunde 20.48 hadi karibu saa 3. RAI haigongani nayo. PSM pia inaweza kwenda nayo, ila ongeza muda wa kupatikana, maana kwa sekunde 10 kifaa kitalala kabla ya kusikiliza.

– Kwa nini nisikate umeme wa moduli kabisa?
Ikiwaka itatafuta seli (mnara wa kuunganishwa nao) na kujisajili upya. PSM hutunza usajili. Kwa ujumbe mmoja kwa siku nyingi, kukata kunaweza kushinda. Pima kwa moduli yako.

– Mita zangu za chini ya ardhi zinakufa mapema, na ratiba ni ileile.
Ishara ni hafifu, hivyo kila utumaji unarudiwa, hata mara 128. Pandisha antena kwanza.