Kabla hamjampandisha mzee ndege kwenda kuwekewa mashine ya ubongo

Baba yangu ni fundi cherehani. Ugonjwa wake tuliuona kwanza kwenye sindano: alianza kumwita mjukuu amtungie uzi, sisi tukadhani ni macho ya uzee, miwani ikanunuliwa. Baadaye mkono wa kulia ukawa unatetemeka ukiwa umetulia tu pajani, hatua zikawa fupi, na daktari akatuambia ni ugonjwa wa Parkinson. Aliishi nao kwa vidonge miaka 9, kisha tukampeleka India akawekewa mashine ya kuchochea ubongo: nyaya nyembamba ndani ya ubongo, zinazopewa umeme mdogo na betri iliyo chini ya ngozi ya kifua. Huu ni mwaka wa nne tangu arudi nyumbani Tanga, na kila baada ya muda kuna mtoto wa mtu ananipigia simu: "Dada, na sisi tuna mzee, tuanzie wapi?"

Anzeni na daftari. Pasipoti itafuata.

Chora ukurasa wenye mistari ya nusu saa nusu saa, tangu mzee anapoamka hadi anapolala. Kila mstari andika hali moja kati ya tatu: dawa imeachia, dawa imeshika, au dawa imezidi, yaani mwili unajichezesha wenyewe. Pembeni weka saa ya kidonge na saa ya chakula. Fanya hivyo wiki mbili bila kuruka siku. Baba alikuwa akimeza kidonge saa 12 asubuhi, kinashika saa 1 kasorobo, saa 3 kimeshaachia na miguu imenata sakafuni. Katika saa 16 za kuwa macho, nzuri zilikuwa 5. Daftari hilohilo lilituonyesha kwamba kidonge kilichomezwa pamoja na maharage au samaki hakishiki sawasawa, kwa sababu protini na levodopa, ndiyo dawa iliyo ndani ya kidonge hicho, hugombea njia moja ya kuingia mwilini. Tulipokirudisha nyuma, nusu saa kabla ya kula, tulipata saa moja na zaidi ya nafuu kila siku. Wapo watakaogundua hapahapa kwamba mzee wao anahitaji kupangiwa dawa upya na safari bado. Nendeni na daftari hilo kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu kabla ya kuongea na wakala yeyote wa safari za matibabu.

Kisha ombeni kipimo cha levodopa. Mtu akitaka kuwauzia upasuaji bila kipimo hiki, muacheni. Mzee anakaa bila dawa usiku kucha. Asubuhi daktari anamtaka agonganishe kidole gumba na cha shahada, afungue na kufumba kiganja, agonge kisigino chini, ainuke kitini akiwa amefumbata mikono kifuani, atembee hadi mlangoni na kurudi. Kila tendo lina alama. Halafu anapewa levodopa, dozi kubwa kidogo kuliko ya kawaida yake, na ikishashika anapimwa upya. Alama za ugonjwa zikishuka kwa asilimia 30 au zaidi, vituo vingi huona kuna matumaini. Za Baba zilishuka kutoka 48 hadi 20. Usiku ule ulikuwa mzito. Hakuweza hata kujigeuza kitandani, na alfajiri kaka yangu ndiye aliyemtawadhisha. Mjiandae wawili, msimwachie mtu mmoja.

Sababu ya kusisitiza kipimo ni hii: mashine huleta kile ambacho dawa huleta ikiwa imeshika vizuri kabisa, ila hukieneza siku nzima na kupunguza ile miruko ya kupanda na kushuka. Kinachobaki kibaya hata dawa inaposhika, kama kuanguka, kupaliwa na chakula, sauti kufifia au kusahau, kwa kawaida kitabaki vilevile, na sauti inaweza hata kuzidi kufifia. Kutetemeka ndiko kunakotoka nje ya kanuni hii, maana huweza kutulizwa na mashine hata pale vidonge viliposhindwa. Kwa hiyo kaeni na mzee mumuulize yeye anataka nini. Mama alitaka Baba asianguke tena bafuni. Baba alitaka kurudi kwenye sindano na uzi. Tulipomweleza daktari kwamba anaanguka hata dawa ikiwa imeshika, alimgeukia Mama akamwambia waziwazi kwamba hilo asilitegemee. Mama alilia, lakini nashukuru alilia kabla, akiwa anajua.

Wako pia wasiofaa kabisa: aliyekwisha kupoteza kumbukumbu kwa kiwango kikubwa, mwenye huzuni nzito isiyotibiwa, na mwenye magonjwa yanayofanana na Parkinson ambayo si Parkinson. Haya ya mwisho hujitokeza kadiri muda unavyokwenda, ndiyo maana madaktari wengi hutaka ugonjwa uwe na miaka 4 au 5 kwanza. Kama mgonjwa wenu ana ule mtetemeko wa kurithi wa mikono unaozidi akishika kikombe, au ana distonia ya misuli kujikunja, mashine ni ileile, lakini mahali pa kuweka nyaya na namna ya kupima ni tofauti. Kwa distonia nafuu inaweza kuchukua wiki au miezi kuonekana.

Wazee huogopa neno "umeme kichwani". Mimi nilimweleza Baba hivi. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid alikuwa akifanya upasuaji wa zamani wa kuunguza kijisehemu cha ubongo ili kuzuia mtetemeko. Kabla ya kuunguza, alikuwa akipima mahali kwa umeme mdogo, akaona kwamba akiuongeza kasi hadi mapigo kama 100 kwa sekunde mkono unatulia bila kuunguza kitu. Mwaka 1993 timu yake ikahamia kwenye kiini kidogo chini ya thalamasi, sehemu ya ndani katikati ya ubongo; kiini hicho ndicho kinachotumika sana kwa Parkinson hadi leo. Marekani iliruhusu matibabu haya kwa mtetemeko mwaka 1997 na kwa Parkinson kwa jumla mwaka 2002. Ubongo wenye Parkinson unapiga kwa mdundo mbovu uliokwama. Mapigo ya mashine, mara nyingi karibu 130 kwa sekunde, huuvunja mdundo huo. Hakuna kinachoponywa, ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Ila mashine ikileta shida inazimwa, tofauti na kuunguza. Baba akauliza waya una unene gani. Kidogo zaidi ya milimita moja. "Kama sindano ya magunia, basi," akasema, na kuanzia hapo hakuogopa tena.

Sasa hospitali. Watu huniuliza daktari gani ana mkono mzuri. Swali zuri zaidi ni nani atairekebisha mashine mtakaporudi. Upasuaji ni siku moja, marekebisho ni miezi ya mwanzo na kisha miaka. Sisi tulipewa bei na wakala ambayo haikuwa na safari ya pili ya marekebisho ndani yake, na tulilijua hilo tukiwa tumeshafika. Kaka aliuza pikipiki. Ombeni bei iliyoandikwa vipande vipande: mashine yenyewe, ambayo ndiyo fungu kubwa, upasuaji, siku za kulazwa, kila kikao cha marekebisho, na kubadilisha betri. Ulizeni kama kuna daktari Dar es Salaam, Nairobi au popote karibu nanyi mwenye kifaa cha kusoma aina hiyohiyo ya mashine, kwa sababu kifaa cha kampuni moja hakiongei na mashine ya kampuni nyingine. Mpigieni mkiwa bado nyumbani, msikie jibu kwa masikio yenu.

Na betri. Isiyochajiwa hudumu kama miaka 3 hadi 5, kisha ngozi ya kifua inafunguliwa tena iwekwe nyingine. Ya kuchaji hudumu miaka 9 hadi 15 au zaidi, kutegemea aina. Kwa anayeishi mbali na kituo, naona ya kuchaji ina nafuu kubwa, mradi nyumbani kuna mtu wa kusimamia. Sisi tunachaji kila Alhamisi baada ya isha, Baba akiwa kitini na mkanda wa chaja begani. Umeme wa kwetu hukatika, kwa hiyo hatungoji betri ishuke chini ya nusu. Ikizimika ghafla, ugonjwa wote hurudi kwa pamoja, wakati mwingine kwa hatari.

Upasuaji wenyewe nitaupitia haraka, maana huko mko mikononi mwa wenyewe. Nywele zinanyolewa, fremu ya chuma inafungwa kichwani kwa skrubu nne baada ya ganzi, picha zinapigwa, na katika vituo vingi mgonjwa anakuwa macho. Baba anasema walipokuwa wakisikiliza ubongo wake kwa kipaza sauti ilikuwa kama mvua juu ya bati, ndogo kwanza, kisha ghafla ikawa kubwa, na daktari akasema wamefika. Aliambiwa ahesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, wamsikilize kama ulimi unakuwa mzito. Betri huwekwa kifuani chini ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni hadi begani, mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa. Hatari zipo: damu kuvuja ndani ya ubongo hutokea kwa wachache, kama 1 au 2 katika kila 100, na maambukizi kwenye nyaya au betri hutokea mara nyingi zaidi ya hapo. Jeraha likiwa jekundu, likitoa maji au akipata homa, rudini siku hiyohiyo.

Siku mbili baada ya upasuaji Baba alikuwa hatetemeki, na mashine ilikuwa bado haijawashwa. Tulipiga simu nyumbani kwa vigelegele. Ule ulikuwa uvimbe tu wa mahali waya ulipopita, na baada ya siku chache mtetemeko ukarudi. Msikate tamaa hapo.

Mashine iliwashwa wiki ya tatu. Daktari alikuwa na kompyuta ndogo bapa, Baba akiwa hajameza dawa. Alipandisha umeme kidogokidogo. Kwenye miliampea 1 (ndicho kipimo cha nguvu ya umeme huo) hakuna kitu. Kwenye 1.8 kidole gumba kikaacha kutetemeka kwanza, halafu kiganja chote kikalala pajani kama cha mtoto aliyesinzia. Akapandisha tena: mdomo ukavutwa upande na maneno yakawa mazito. Akashusha, akahamia sehemu nyingine ya waya, akaanza upya. Saa mbili nzima. Kazi yenu pale ni kusema kila mnachokiona: ganzi za vidoleni, kizunguzungu, kucheka au kulia bila sababu. Endeleeni kuangalia nyumbani pia. Mzee akianza kutumia pesa ovyo, kukosa usingizi kwa furaha, au kusema maisha hayana maana, hilo ni la kumpigia daktari, si la kumsomea mawaidha. Na vidonge hupunguzwa na daktari hatua kwa hatua. Kuviacha ghafla ni hatari.

Baba alipoumwa bega, tulimpeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Nilikuta ameshavuta mashine ya dayathemi, ile ya kupasha joto la ndani kwa mawimbi. Nilipiga kelele kliniki nzima ikageuka. Joto lile hupita kwenye nyaya na kuunguza ubongo, linaweza kuua. Ni marufuku kabisa, hata mashine ikiwa imezimwa. MRI, ile picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa, haifanywi mpaka aina ya mashine iangaliwe. Akifanyiwa upasuaji wowote, daktari aambiwe mapema kwamba ana mashine, kwa sababu ya kile kifaa cha umeme cha kuunguza mishipa ili kuzuia damu. Uwanja wa ndege onyesheni kadi ya mashine, ombeni apapaswe kwa mkono, wasimpitishie rungu la sumaku kifuani.

Kwa sisi wa pwani kuna moja zaidi. Mwaka 2019 madaktari wa Zürich waliripoti wagonjwa 9 waliokuwa waogeleaji wazuri, ambao baada ya mashine kuwashwa walishindwa kuogelea. Baba amekulia majini Raskazone. Siku hizi haendi zaidi ya maji ya kiunoni, na mjukuu yuko pembeni.

Kila mnapotoka kwenye marekebisho, ombeni karatasi yenye namba zote: sehemu ya waya, miliampea, mapigo kwa sekunde, urefu wa pigo, dozi za dawa. Pigeni picha, tumeni kwa ndugu wawili. Ya Baba nimeibandika pia ndani ya droo ya cherehani, juu ya bobini, kwa sababu droo hiyo anaifungua kila asubuhi.