Kuchoma shamba bila kuunguza miti ya jirani

Kuanzia Julai hadi Oktoba nyasi za Mufindi, Kilolo na Njombe, nchini Tanzania, huwa zimekauka, na upepo wa mchana una nguvu. Ndio wakati huohuo wakulima wanaandaa mashamba, na miti ya misindano (paini) iliyotunzwa kwa miaka mingi huteketea kwa saa chache kwa sababu mtu alichoma peke yake saa saba mchana, kisha akaenda kula.

Jiulize kwanza kama kuna haja ya kuchoma. Mabua ya mahindi ukiyalaza katikati ya mistari hutunza unyevu na huoza yakawa mbolea. Yanayostahili moto hasa ni mabaki yenye wadudu au ugonjwa. Kwa wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa, kung'oa na kuchoma masalia ni agizo, maana funza mwekundu hujificha kwenye vitumba vilivyobaki shambani.

Uchomaji unadhibitiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, pamoja na sheria ndogo za kijiji chako, ambazo huweza kufunga kabisa uchomaji kwa miezi fulani. Nenda kwa Mtendaji wa Kijiji kuomba kibali siku kadhaa kabla. Ombi litaje kitongoji, ukubwa wa eneo, tarehe, saa, na majirani wanaopakana nawe. Kama unapakana na hifadhi ya msitu, ofisa misitu naye ajue. Majirani uwaarifu mwenyewe, ana kwa ana. Na kibali si kinga: moto ukivuka mpaka, wajibu bado ni wako.

Kazi kubwa iko kwenye barabara ya moto, yaani ukanda mtupu unaozunguka eneo ili moto usivuke. Kufyeka tu hakutoshi, kwa sababu mizizi na majani makavu yaliyolala hupitisha moto taratibu hadi upande wa pili. Lima kwa jembe mpaka udongo mtupu uonekane: mita 3 kwa mabaki mafupi, mita 5 hadi 10 penye nyasi ndefu au mpaka wa miti. Takataka zitupe upande wa ndani. Kwa ekari moja wasipungue watu wanne, wakiwa na majembe, makoleo, matawi mabichi, ndoo za maji na bomba la mgongoni la kupulizia dawa, la lita 15, lililooshwa vizuri.

Choma asubuhi mapema, umalize kabla ya saa nne, au anza saa kumi na moja jioni upepo ukishatulia. Washa upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Kwenye mteremko anzia juu. Ukiwasha chini, moto hupanda kwa kasi kwa sababu miali hukausha nyasi za mbele kabla ya kuzifikia. Usitumie petroli kamwe: mvuke wake hulipuka usoni pa anayewasha. Upepo ukibadilika, zima hapohapo hata kama nusu ya shamba imebaki. Moto ukiwashinda, piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Hatari inayosahaulika ni visiki. Kisiki cha msindano kinaweza kufuka chini kwa chini kwa siku kadhaa, kisha upepo ukapeperusha cheche. Mwaga maji, koroga majivu na udongo, mwaga tena. Pitisha mgongo wa mkono juu ya majivu bila kuyagusa. Ukisikia joto, endelea. Kufukia makaa bila maji huyahifadhi yakiwa hai. Rudi kesho yake kabla ya upepo wa mchana.

Wachungaji wa mifugo, wapasua mbao na wanafunzi walio kambini nao wachimbe shimo la moto lenye kina cha sentimita 30, waondoe nyasi mita 2 pande zote, wasiwashe chini ya matawi, na wasizungushie mawe ya mtoni, kwani maji yaliyomo ndani huyapasua. Usiku asilale kila mtu moto ukiwaka. Atakayebaki macho apangwe kabla kiberiti hakijawashwa.